Jiwe la Msingi Baharini

Ilikuwapo nchi moja, na jina lake silitaji. Si kwamba naogopa, mimi niogope nini? Ni kwamba jina lenyewe lilikuwa bado linapitiwa na kamati, na kamati haijapata akidi mpaka leo. Atakayejiona humu na aseme ni jirani yake, yaishe.

Nchi hiyo ilijaliwa bahari. Upande mzima wa mashariki ulikuwa bahari tupu, na kwa miaka mingi bahari hiyo ilijaa na kupwa bila kibali cha mtu. Siku Mheshimiwa Shomvi Tindwa alipoapishwa kuwa Waziri wa Bahari, Hewa na Mambo Mengineyo, jambo hilo lilimkera sana. Alisimama dirishani ofisini kwake, akaitazama hivi, akauliza, "Kitu kikubwa namna ile kinajiendea tu?" Wasaidizi wake wakaona haya, wakainamisha vichwa.

Hata hivyo hakuchukua hatua mpaka aliporudi kutoka kwenye mkutano wa dunia wa mabadiliko ya tabianchi. Siku mbili za mwanzo alisinzia, kama itifaki inavyotaka. Siku ya tatu aliamshwa na makofi, akasikia habari iliyomtoa usingizi wote. Kumbe bahari inavuta hewa ukaa, ile inayotokana na moshi wa magari na viwanda na kuipasha dunia joto! Na wapo watu huko nje wanaoisaidia ivute zaidi. Wengine wanaimwagia unga wa mawe, wengine wanapanda mwani, na wengine wana mitambo ambayo Waziri hakuelewa inafanya nini, ila ilikuwa na taa nyingi.

Alishuka kwenye ndege akaita kikao.

"Ndugu zangu," alisema, "bahari yetu inameza hewa. Inameza mchana, inameza usiku. Nani ameiruhusu?"

Watu wakainamia madaftari yao.

"Nauliza tena. Kanuni ziko wapi? Kesho atakuja mtu na gunia lake la unga, aimwagie bahari yetu, ivute hewa, asituambie hata ahsante. Tutakuwa tumekaa hapa kufanya nini?"

Katibu Mkuu, Bwana Athanasi Lukemo, akainuka nusu. Huyu alikuwa amewazika mawaziri saba kwenye cheo kile kile, kwa sababu tangu aajiriwe hakuna aliyewahi kumsikia akisema hapana. "Mheshimiwa," alisema, "tunaweza kuagiza utafiti."

"Utafiti!" Waziri akapiga meza, glasi zikaruka. "Hilo ndilo neno."

Ndivyo ulivyozaliwa Utafiti wa Awali Kuhusu Namna Bora ya Kusimamia Uondoaji wa Hewa Ukaa kwa Njia ya Bahari. Jina lilikuwa refu mno, na karani wa masjala alipoliandika kwenye jalada lilipinda kona likaendelea upande wa nyuma. Ila Waziri alilipenda hivyo hivyo.

Sasa, ndani ya wizara hiyo alikuwamo mwanamke mmoja aitwaye Kazija Mzale, Kaimu Afisa Utafiti. Alikuwa kaimu kwa mwaka wa tisa. Msimwonee huruma, maana nchi nzima ilikuwa hivyo: kaimu mkurugenzi, kaimu mhasibu, kaimu dereva. Kuthibitishwa kazini kulihitaji sahihi ya mtu aliyethibitishwa, na wa mwisho wao alikuwa amestaafu. Lakini Kazija alikuwa na kipaji, nacho ni kuandika. Sentensi yake ikishafungwa, hata mbu hapati pa kupenya. Ndiyo maana Katibu Mkuu alimpa yeye kazi ya kuandika amri ya muda, ya kuilinda bahari wakati utafiti unasubiriwa.

Rasimu ya kwanza ilisema hivi: ni marufuku kwa mtu yeyote kutia kitu baharini kwa lengo la kuvuta hewa ukaa. Basi. Katibu Mkuu akaisoma, akakuna kidevu.

"Imekonda, Kazija. Waziri ataona tumemdharau."

Kazija akarudi mezani kuinenepesha. Akaongeza "kutoa", maana penye kutia lazima pawe na kutoa. Akaongeza "kupanda" na "kukuza", akaona inakwenda vizuri, ikawa bado inataka kituo. Akaongeza "kuvuna". Alipoliandika neno hilo hakumfikiria mtu yeyote, aliifikiria sentensi. Mwishowe ikasomeka kwamba hadi utafiti utakapokamilika, ni marufuku kwa mtu yeyote kutia, kutoa, kupanda, kukuza au kuvuna baharini kitu chochote kinachoweza kuvuta hewa ukaa. Waziri aliisoma kwa sauti mara mbili, akatia sahihi, akasema binti huyu angefaa kuandika wimbo wa taifa.

Kazija alitembea na sifa hiyo siku tatu. Siku ya nne simu ikalia, na aliyepiga alikuwa mama yake.

Bi. Mize, mama yake Kazija, alikuwa mkulima wa mwani katika kijiji cha Mkokoni, mwendo wa saa moja kutoka mji mkuu. Mwani ndio uliomsomesha Kazija, darasa la kwanza hadi chuo, kamba moja baada ya nyingine. Wao kule hupigilia vijiti mchangani, wakafunga kamba kati yake, na kwenye kamba wakaning'iniza vichipukizi, vikakua majini.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Kazija, huko kwenu mmepatwa na nini?"

"Kwani kulikoni?"

"Wamekuja mgambo wawili na karatasi. Wanasema nisiuguse mwani wangu, ati unavuta hewa. Na mimi navuta hewa, mbona hawajanipiga marufuku?"

Kazija akavuta kiti. Akakaa.

"Mwanangu, unajua mwaka jana ugonjwa uliumaliza mwani wote, ukawa mweupe ukaoza. Hii mbegu iliyobaki tumeinusuru kwa mikono, kamba nne tu, tumeilea mpaka ikajaza ghuba. Wanawake arobaini tunaitazama. Bamvua hii inayokuja, maji yatakapokupwa hadi mbali, siku kumi na mbili toka leo, ni lazima tukate, na humo humo tutoe mbegu ya kupanda tena. Bamvua hiyo ikipita utakatika wenyewe na kuchukuliwa na maji. Hatuna mbegu nyingine. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Mama."

"Hivi aliyeandika maneno haya ni nani? Maana kaandika vizuri, mwana kulaaniwa huyu! Nimetafuta pa kupenya, sipaoni."

"Sijui, Mama," akadanganya Kazija.

Asubuhi yake alikuwa mlangoni kwa Katibu Mkuu kabla hata chai haijachemka.

"Bwana Katibu, naomba tufute neno moja kwenye amri. 'Kuvuna' tu."

Bwana Lukemo akamtazama kwa upole, kama daktari mwenye habari mbaya. "Neno la Waziri halifutwi, Kazija. Linatafitiwa."

"Basi utafiti utakwisha lini?"

"Utafiti hauwezi kwisha haujaanza, na hauwezi kuanza haujazinduliwa. Na tangu lini katika nchi hii kitu kikazinduliwa bila jiwe la msingi?"

"Jiwe la msingi la utafiti?"

"Utafiti wa bahari."

"Liwekwe wapi?"

"Baharini, binti yangu. Wapi tena?"

Ndugu zanguni, msicheke. Katika nchi ile hakuna kilichohesabika kuwa kipo mpaka kiongozi akiwekee jiwe. Hata kampeni ya kunawa mikono ilikuwa na jiwe lake mjini, na watu walikuwa wakilikalia kusubiri usafiri. Kazija alikuwa mtoto wa nchi hiyo, kwa hiyo hakushangaa sana. Alihesabu siku vidoleni, akaona kama uzinduzi ukifanyika haraka, huenda mshauri wa utafiti akatoa ripoti ya awali, na ripoti ikasema neno la huruma kuhusu mwani. Akajitosa. Aliandika barua zote yeye, na akakaa kwenye kamati ya tafsiri, iliyotumia siku mbili kuamua bahari inaanzia wapi. Wajumbe wengine walitaka ianzie maji yanapofika yakiwa yamejaa, kwa heshima ya Taifa. Mjumbe mmoja akataka waibebe na ile inayokwenda nchi jirani. Kazija aliwapigia kura wote ili kikao kiishe.

Uzinduzi ukafanyika siku ya sita, kwenye ufukwe wa mji mkuu. Na hapo ndipo desturi ya nchi ilipofanya kazi yake.

Mnajua mgeni mkubwa akija, mawe ya barabarani hupakwa chokaa. Hakuna aliyewahi kuamrisha, ni heshima tu: jiwe jeupe humwambia kiongozi kwamba watu wa hapa wana adabu. Mwenyekiti wa mtaa wa pale ufukweni aliposikia Waziri anakuja, akatoa vijana na ndoo. Wakapaka mawe ya barabara nzima. Wakashuka ufukweni wakapaka na ya huko, maana Waziri angeyaona. Maji yalikuwa yamekupwa, mawe yamelala wazi hadi mbali, wakayafuata yote. Jiwe la msingi lenyewe, kubwa kama kabati, likapakwa mikono saba. Chokaa iliyobaki, ndoo themanini, wakaipanga kando ya maji, iwapo Waziri angependa kuona nyingine.

Waziri alichelewa kwa saa nne, kwa hiyo bahari ikarudi kabla yake. Hotuba ikaanza mawimbi yakiwa yameshafika kwenye ndoo.

"Leo," alinguruma Waziri, "tunaiambia bahari: umefika mwisho uhuru usio na mipaka! Kuanzia leo utavuta hewa kwa utaratibu! Utavuta kwa kiasi! Na utatoa taarifa kila robo mwaka!"

Makofi. Bendi ya polisi ikapiga. Winchi ikaliinua jiwe la msingi, Waziri akakata utepe, akaligusa jiwe kwa koleo la kung'aa, likashushwa majini, likazama na jina lake. Kisha akakaribishwa mshauri wa utafiti, Profesa Bwire Mshokela, mzee mwembamba aliyekuwa akiamini kwamba watu husikiliza.

"Njia ya kwanza ya kuondoa hewa ukaa kwa kutumia bahari," alisoma Profesa, "ni kuimwagia bahari chokaa au unga wa mawe ya namna hiyo. Maji yakipokea chokaa huvuta hewa ukaa zaidi. Jambo hili halipaswi kufanywa kabla ya kanuni, hata kwa bahati mbaya."

Kazija, aliyekuwa ameketi nyuma na orodha ya mahudhurio, akainua macho. Mbele ya jukwaa bahari ilikuwa imegeuka nyeupe kama tui la kwanza. Chokaa ya mawe yote ya ufukweni ilikuwa ikibanduka, na ndoo zilikuwa zikipinduka moja moja, pwaa, pwaa, huku vijana wa mtaa wakizikimbilia na kuziangukia. Waziri alikuwa akipunga mkono. Alidhani ni mapambo.

Kazija akachukua kalamu, akahesabu ndoo.

Siku ya pili asubuhi dokezo lake lilikuwa juu ya meza ya Katibu Mkuu. Nalo lilikuwa la adabu kupita kiasi: "Kwa mujibu wa amri ya muda, ni marufuku kutia baharini kitu kinachoweza kuvuta hewa ukaa. Kwa mujibu wa Profesa Mshokela, chokaa ni kitu hicho. Jana, mbele ya mgeni rasmi, bendi ya polisi na wananchi mia tatu na kumi na wawili waliojiandikisha, zilitiwa baharini ndoo themanini, mbali na mawe. Naomba mwongozo: nani ashtakiwe?"

Bwana Lukemo alisoma, akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akasoma tena. Maneno yalikuwa yale yale.

"Kazija, hili umelionyesha kwa nani?"

"Kwako tu, Bwana Katibu. Ila masjala wamelisajili. Lina namba."

Mnajua dokezo lenye namba ni mimba, haifichiki. Jalada ambalo kwa kawaida lingelala wiki tatu katika kila ofisi lilipita ofisi tisa kabla ya adhuhuri, kila mmoja akiligusa kwa ncha za vidole na kuandika "Nakubaliana na hapo juu" bila kutazama hapo juu pana nini. Saa nane Waziri akaita watu ofisini.

"Nani alileta ile chokaa?"

"Ni heshima, Mheshimiwa," akasema Katibu Mkuu. "Ililetwa na heshima."

"Futeni amri basi!"

"Mheshimiwa, tukiifuta watu watauliza kwa nini."

Waziri akajifuta jasho. Kazija, aliyekuwa amesimama pembeni karibu na bendera, akakohoa kidogo.

"Si lazima ifutwe, Mheshimiwa. Inaweza kufafanuliwa. Tuseme tu kwamba marufuku haihusu jambo linalofanyika katika hafla rasmi, mbele ya mgeni rasmi, baada ya utepe kukatwa."

"Eeh! Huyu binti!" Waziri akamshika mkono. "Andika. Sasa hivi."

Akaandika pale pale, akiwa amesimama. Na Waziri alipomaliza kutia sahihi, Kazija akatoa karatasi ya pili, akasema wananchi wa Mkokoni wanaomba, kwa unyenyekevu mkubwa, Mheshimiwa awe mgeni rasmi katika Uzinduzi wa Uvunaji wa Mwani, bamvua ijayo, saa mbili kamili asubuhi. Waziri hakuwahi kukataa utepe maishani mwake. Akakubali hata kabla hajauliza mwani ni kitu gani.

Siku ya bamvua ikafika. Kazija alikuwa Mkokoni tangu alfajiri. Maji yalikuwa yamekwenda mbali, ghuba yote iko wazi, na mwani umejaa kwenye kamba, mzito, wa rangi ya zambarau, mpaka vijiti vimeinama. Wanawake arobaini walikuwa wamejipanga na magunia na visu, kanga zimefungwa viunoni. Mbele yao, kutoka mti mmoja hadi mwingine, ulinyooshwa utepe mwekundu, na kando ya utepe alisimama mgambo, Sajini Mlekwa, na nakala ya amri mfukoni.

Saa mbili ikafika, Waziri hayupo. Saa tatu ikapita hivyo hivyo, wanawake wakaimba nyimbo zote wanazozijua, wakaanza upya. Saa nne Kazija akampigia simu Katibu Mkuu.

"Tuko njiani," akasema Bwana Lukemo.

"Njiani wapi, Bwana Katibu?"

"Tuko ofisini, lakini tuko njiani. Mheshimiwa anamalizia hotuba. Imefika ukurasa wa ishirini na sita."

Kazija akageuka kutazama bahari. Kule mbali, mstari mweupe wa povu ulikuwa umeanza kusogea. Maji yangefika kwenye kamba za mwanzo saa tano, na saa sita pangekuwa hapasimamiki mtu.

"Sajini," akasema Bi. Mize, "tuache tuanze. Akifika atatukuta."

"Siwezi, Mama. Utepe haujakatwa."

"Utepe! Mimi nimelima ghuba hii miaka ishirini na miwili, leo nizuiwe na kitambaa cha kufungia zawadi?"

"Karatasi ndivyo inavyosema, Mama. Niliisoma kila upande. Aliyeiandika hakuacha mwanya."

Kazija akageuza uso. Aliwatazama wale wanawake, wengine waliombeba mgongoni alipokuwa mdogo. Akatazama povu. Kisha akakumbuka kanuni za utumishi wa nchi ile, alizozijua kwa moyo kama mwingine anavyojua dua: asiyekuwepo hukaimiwa na mtumishi mwenye cheo kikubwa miongoni mwa waliopo. Akapepesa macho kushoto na kulia. Walikuwapo Sajini, mgambo mwenzake, kuku wawili, na yeye.

"Sajini," akasema, "Waziri hayupo. Katibu Mkuu hayupo. Kwa hiyo hapa, kwa sasa, mimi ndiye Kaimu Mgeni Rasmi."

Sajini akamkazia macho. "Una barua?"

"Wewe u sajini?"

"Kaimu sajini."

"Una barua?"

Sajini akafikiri. Akajinyoosha, akapiga saluti, akampa mkasi.

Bi. Mize akamdaka mwanawe mkono kabla hajaufikia utepe. Akamvuta kando, akanong'ona kwa ukali. "Una wazimu? Watakufukuza! Miaka tisa unasubiri uthibitishwe, utupe yote kwa mwani? Acha uoze. Mbegu tutatafuta."

"Huna pa kuitafuta, Mama. Umeniambia mwenyewe."

"Nitatafuta. Wewe usijitie kitanzi kwa kosa la mwendawazimu mmoja wa mjini."

"Mama, ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Niliyeandika. 'Kuvuna' niliongeza mimi. Ilikuwa inapendeza kwenye sentensi. Sikukufikiria wewe, Mama, sikumfikiria mtu. Nisamehe." Na machozi yakamtoka hapo hapo mbele ya Sajini, akiwa na mkasi mkononi na beji ya wizara kifuani.

Bi. Mize alimtazama binti yake, akatazama mikono yake mwenyewe iliyochanika kwa kamba na chumvi, iliyomnunulia huyu madaftari ya kujifunzia kuandika vizuri namna ile. Iliuma, na iliuma kweli, wala hakuficha. Halafu akamwachia mkono.

"Basi kata," akasema. "Umefunga wewe, fungua wewe. Na fanya upesi, maji yanakuja."

Kazija akakata. Hapakuwa na hotuba. Wanawake walipita juu ya utepe mbio, wakaingia ghubani kama watu waliosikia nyumba inawaka, visu vikifanya kazi, magunia yakijaa, anayeimba anaimba, anayetukana anatukana. Kazija alivua viatu vya ofisini, akaingia na sketi yake, akabeba. Sajini naye alivumilia kidogo, kisha akakunja suruali. Bi. Mize alikuwa wa mwisho kutoka, maji yamemfika kifuani, na kichwani amebeba kikapu cha vichipukizi, ile mbegu ya kupanda tena. Hakumkabidhi mtu.

Msafara wa Waziri ulifika saa tisa kasoro robo. Magari kumi na moja. Waziri akashuka, akatengeneza tai, akatazama. Mbele yake palikuwa na bahari iliyojaa hadi kwenye majani, shwari, haina hata kijiti kinachoonekana. Pembeni walikaa wanawake arobaini waliolowa, wakinywa uji.

"Mwani uko wapi?" akauliza.

"Umeshavunwa, Mheshimiwa," akasema Kazija. "Uvunaji ulizinduliwa kwa wakati. Na Kaimu wako."

"Kaimu wangu? Nani?"

Kazija akainua mkono, maji ya chumvi yakamdondoka kwapani. Katibu Mkuu akafumba macho. Waziri alifungua kinywa kufoka, akakifunga. Naye alikuwa mwanasiasa, alijua hesabu za nchi yake: ukimfukuza mtu kwa kukaimu nafasi yako, ni lazima kwanza ukiri kwamba nafasi ilikuwa wazi.

"Imeandikwa hivyo kwenye taarifa?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Taarifa naiandika mimi, Mheshimiwa. Bado sijaamua ulifika saa ngapi."

Wakatazamana. "Saa mbili," akasema Waziri.

"Saa mbili kamili," akasema Kazija, akaandika.

Basi Waziri akapanda jukwaani, akasoma kurasa zote ishirini na sita, akiipongeza bahari kwa utulivu wake na kuuonya mwani usivute kupita kiwango. Wanawake walisikiliza kwa subira, kwa kuwa sasa hawakuwa na haraka. Alipomaliza, mshereheshaji akaita neno la shukrani kutoka kwa wananchi. Akainuka Bi. Mize, kanga ingali imeganda mwilini.

"Mheshimiwa Waziri," akasema, "sisi watu wa Mkokoni hatuna kikubwa cha kukupa. Tunakushukuru kwa kuchelewa. Ungewahi, tungekusikiliza kwanza."

Waziri akapiga makofi kwa nguvu kuliko wote, maana neno la shukrani hupigiwa makofi, na yeye alikuwa akitafuta gari lake kwa macho. Kwenye taarifa iliandikwa kwamba wananchi walimshukuru Mheshimiwa kwa dhati, nalo ni kweli.

Amri ile ipo hadi leo, na utafiti uko pale pale ulipozama. Kwa hiyo kila bamvua ya kuvuna, Mkokoni hufanya hafla rasmi: Kazija huja asubuhi na mkasi wake, kaimu kwa mwaka wa kumi na mbili, akakata utepe, akaingia majini na mama yake. Waziri hualikwa kila mara, hawajamkosea adabu hata siku moja. Kadi humfikia wiki mbili kabla, imeandikwa kwa Kiswahili kizuri kisicho na mwanya, na saa iliyotajwa ni saa tisa alasiri.